Kupima Neno la Shahidi

Msomaji kijana, tuanze na jambo dogo. Fikiri kwamba wewe ni kiranja wa bweni katika shule moja karibu na Keroka, mahali ambapo Kisii na Nyamira zapakana. Asubuhi moja mwenzenu alalamika kuwa fedha zake za nauli zimetoweka sandukuni. Mvulana mmoja aapa kwamba alimwona mwenzake fulani akilifungua sanduku hilo usiku. Huyo anayetajwa akana, lakini akana akitazama chini, huku akivichezea vifungo vya shati lake. Mshtaki wake asimama wima, anena kwa sauti nzito, wala hasiti. Utamsadiki yupi?

Ikiwa u kama watu wengi, moyo wako umekwisha kuamua kabla ya kuuliza swali hata moja, nao umeamua kwa macho. Umemsadiki aliyesimama wima. Huenda umesibu, huenda pia umemhukumu mtoto asiye na hatia kwa sababu ya haya aliyozaliwa nayo. Kazi hii uliyoifanya bwenini kwa dakika moja ndiyo kazi ya mahakama zote za ulimwengu. Sheria zaweza kuandikwa vitabuni kifungu kwa kifungu, lakini hapana kitabu kiwezacho kusema kwamba shahidi huyu aliyesimama kizimbani leo asema kweli, na yule wa jana alisema uongo. Jambo hilo sharti lipimwe na mwanadamu, kwa akili yake na dhamiri yake.

Katika nchi kama Uingereza na Marekani kazi hiyo, katika kesi kubwa, hupewa watu wa kawaida wanaoitwa juri, aghalabu kumi na wawili. Nchini Kenya juri haikuwahi kuketi kumhukumu Mwafrika. Walakini swali lenyewe lilikuwako, na katika nchi ya Gusii lilijibiwa kwa njia tatu kwa zamu: kwanza na wazee wa ukoo, kisha na jaji aliyeketi pamoja na wazee wa baraza, na sasa na jaji peke yake. Nataka tuzipitie njia hizo moja moja, maana kila moja ina fundisho lake, na fundisho hilo, kama utakavyoona mwisho, laweza kuokoa au kupoteza maisha ya watu.

Kabla ya Waingereza kuja, Abagusii hawakuwa na mfalme wala mahakama yenye jengo. Ugomvi wa ng'ombe, wa mahari, wa mipaka ya mashamba, au wa damu, uliletwa mbele ya wazee, ambao kwa lugha yao huitwa abagaka, wakiketi katika baraza liitwalo etureti. Wazee hao hawakuwa wageni kwa mashahidi wao. Walimjua mtu tangu utoto wake: baba yake ni nani, alioa wapi, ana deni la nani, na mwaka jana aligombana na nani kuhusu mfereji wa maji. Shahidi aliposema jambo, maneno yake yaliingia katika masikio yaliyokwisha kujaa habari zake. Mzee hakuhitaji wakili wa kumwambia kwamba huyu na mshtakiwa walikuwa na chuki ya miaka kumi. Waswahili husema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na wazee walijua vema ngozi ya kila mtu yavutwa upande gani.

Maneno yalipogongana na uchunguzi ukakwama, palikuwa na kiapo. Kwa Abagusii kiapo cha uongo kilileta emuma, yaani balaa imfuatayo mwenye kuapa uongo, nayo iliweza kuwapata hata jamaa zake. Lifikirie jambo hili kama walivyolifikiri wao. Mtu aliyekuwa tayari kusema uongo kwa ajili ya ng'ombe mmoja alijiuliza mara mbili kama ng'ombe huyo alistahili maisha ya watoto wake. Aliyekataa kuapa alijitia mwenyewe katika shaka. Hivyo kiapo kilikuwa chombo cha kumfanya shahidi ajipime mwenyewe kabla ya kupimwa na wengine.

Njia hii ilikuwa na nguvu, lakini ilikuwa na upungufu pia, wala si vyema kuyasifu ya kale kana kwamba hayakuwa na kasoro. Aliyejulikana na watu wote kwa wema alipata kusadikiwa hata siku aliposema uongo, na mwenye jina baya hakusadikiwa hata siku aliposema kweli. Mtu wa ukoo dhaifu aliongea mbele ya wazee wa koo zenye nguvu. Wazee hao walikuwa wanaume, na neno la mwanamke lilipita katika vinywa vya wanaume kabla ya kupimwa. Kumjua mtu kwa karibu husaidia, na hupofusha vilevile.

Mwaka 1907 Waingereza walifungua kituo chao cha utawala katika mahali panapoitwa leo mji wa Kisii. Watu wa Gusii hawakuwapokea kwa furaha. Mapema mwaka 1908 kijana aitwaye Otenyo alimchoma kwa mkuki mtawala wa wilaya, Northcote, naye Northcote akapona. Majeshi yakaletwa, nyumba zikachomwa na ng'ombe wakachukuliwa. Baada ya mkuki na bunduki zikaja karatasi. Serikali iliunda mabaraza ya kienyeji ya kuamua kesi ndogo za Waafrika, yakawekewa sheria mwaka 1930, na tena mwaka 1951 yalipoitwa mahakama za Kiafrika. Lakini kesi kubwa, hasa za mauaji, zilikuwa za jaji wa Kizungu.

Hapo ndipo tunapoona namna mbili za haki katika nchi moja. Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa alihukumiwa na juri ya Wazungu wenzake. Mwafrika alihukumiwa na jaji aliyesaidiwa na wazee wa baraza, ambao walisikiliza kesi yote, kisha kila mmoja akatoa maoni yake kwa mdomo mbele ya watu. Tofauti ilikuwa kubwa. Neno la juri lilimfunga jaji. Maoni ya wazee hayakumfunga. Aliweza kuyakubali, aliweza kuyakataa, na kuhukumu kama alivyoona mwenyewe.

Usidhani, hata hivyo, kwamba juri ile ilikuwa mizani isiyopinda. Mwaka 1911 mlowezi aitwaye Galbraith Cole alishtakiwa kwa kumpiga risasi na kumuua Mwafrika aliyemshuku kwa wizi wa kondoo. Hakukana kwamba alipiga risasi. Juri ya Wazungu ilimwachilia, na serikali yenyewe ikaona aibu, ikamfukuza nchini. Wale waliokaa kumpima hawakukosa ushahidi. Walikosa utayari wa kuuona. Ilichukua karibu miaka 50 kabla ya juri ya Wazungu kumtia hatiani Mzungu kwa kumuua Mwafrika, naye akanyongwa kwa hukumu hiyo. Huyo ni Peter Poole, aliyenyongwa Nairobi mwezi wa Agosti 1960. Twajifunza hapa kwamba mtu anayepima neno la shahidi hubeba pia mizigo ya moyo wake mwenyewe, na asipoijua mizigo hiyo, mizani yake imeharibika kabla ya shahidi kufungua kinywa.

Sasa turudi Kisii, tumtazame mzee wa baraza katika mahakama ya jaji. Kazi yake ilikuwa nini? Tuwaze kesi moja, ambayo si ya mtu yeyote wa kweli, bali ya mfano tu. Mtu ameuawa usiku kwa panga, na shahidi mkuu ni mke wa mtoto wa mshtakiwa. Anaingia kizimbani. Mwendesha mashtaka anamwuliza alichokiona na alichokisikia. Mwanamke anajibu kwa sauti ya chini sana, uso umeelekea sakafuni, hamtazami mshtakiwa wala jaji. Alipoulizwa mshtakiwa alimtukana marehemu kwa maneno gani, ananyamaza kabisa. Jaji aliyelelewa Uingereza anaandika katika daftari lake kwamba shahidi huyu ana mashaka, anakwepa maswali.

Mzee wa baraza anaona jambo jingine kabisa. Kati ya mwanamke na baba wa mumewe, desturi ya Abagusii imeweka heshima kali iitwayo chinsoni. Heshima hiyo yawatenga watu wa kizazi cha wazazi na watu wa kizazi cha watoto katika mambo mengi, na hasa katika maneno ya aibu. Mkwe hawezi kuyarudia matusi ya baba mkwe wake mbele ya umati, na mbele ya baba mkwe mwenyewe, bila kuivunja nafsi yake. Ukimya wake basi si ukimya wa mwongo. Pengine ni dalili ya ukweli, kwa kuwa mwongo aliyekuja kumwangamiza mtu angeyatamka matusi hayo haraka, tena kwa ziada. Mzee aliyeyajua haya aliweza kumweleza jaji, na mshtakiwa au marehemu akapata haki ambayo macho ya mgeni yangeipoteza.

Kulikuwa na mambo mengine ya namna hiyo. Kuna lugha. Shahidi alisema kwa Ekegusii, mkalimani akaigeuza, mara nyingi kwa Kiswahili na kisha kwa Kiingereza, na jaji akaandika. Neno moja likivuka mito miwili hivyo, hulowa. Jambo lililosemwa kwa mashaka hufika upande wa pili kana kwamba lilisemwa kwa uhakika. Na siku iliyofuata, wakili akimsomea shahidi maneno yake ya jana, shahidi hushangaa kweli, asiyatambue. Kuna pia hesabu ya wakati. Mtu asiye na saa, aliyepima usiku kwa kulala kwa watoto na kwa kuwika kwa jogoo, akilazimishwa kusema kama ilikuwa saa tatu au saa nne, atataja saa moja leo na nyingine kesho. Wakili hodari ataonyesha kwamba maneno yamepingana. Mzee wa baraza atajua kwamba hayakupingana. Lililopingana ni swali na maisha ya yule aliyeulizwa.

Lakini mzee wa baraza naye alikuwa mwanadamu. Aliweza kuwa na ndugu katika ukoo wa marehemu. Aliweza kuamini kuwa mwanamke mzee aketiye peke yake pembeni mwa kijiji hakosi kuwa na uchawi, na imani hiyo ikaingia katika maoni yake. Ilitarajiwa kwamba jaji akiyakataa maoni ya wazee aeleze sababu zake, na mara kwa mara jaji aliyakataa. Kwa hiyo njia ya pili ilikuwa na watu wawili wenye ujuzi wa nusu nusu: mmoja akijua sheria na kutoijua nchi, mwingine akiijua nchi na kutoijua sheria. Walipofanya kazi kwa kuheshimiana, waliona mbali kuliko kila mmoja peke yake.

Hata sasa hatujafika katika kiini cha jambo. Maana ikiwa uso wa shahidi wapotosha, tutaegemea nini? Wengine husema: sikiliza jinsi anavyosema. Mwongo hubabaika, mkweli husema vizuri. Kenya ilipata fundisho chungu kuhusu dhana hiyo katika kesi iliyojulikana dunia nzima.

Mwaka 1952 Jomo Kenyatta na wenzake watano walishtakiwa huko Kapenguria kwa kuongoza chama cha Mau Mau. Hakimu Thacker aliisikiliza kesi peke yake, bila juri. Shahidi mkuu aliitwa Rawson Macharia, naye alieleza kwamba alimwona Kenyatta akitoa kiapo cha Mau Mau mwaka 1950. Mashahidi wengi wa utetezi walikana kwamba jambo hilo lilitokea. Hakimu akamsadiki Macharia dhidi yao wote, na sababu mojawapo aliyoitaja ni kwamba alitoa ushahidi wake vizuri. Mwezi wa Aprili 1953 Kenyatta alihukumiwa kifungo cha miaka saba pamoja na kazi ngumu. Miaka ikapita, na mwaka 1958 Macharia huyo huyo aliandika hati ya kiapo akisema kwamba ushahidi wake wa Kapenguria ulikuwa wa uongo, na kwamba alikuwa ameahidiwa malipo, pamoja na masomo Uingereza. Serikali ilimshtaki, ikidai kwamba uongo ni hiyo hati mpya, akafungwa mwaka 1959.

Litafakari jambo hili, msomaji. Mtu mmoja aliapa mara mbili, na viapo vyake vikapingana. Katika kimojawapo alisema uongo. Hilo halina shaka hata kidogo. Na bado mara ya kwanza alisema vizuri, bila kubabaika, hata hakimu akaridhika. Kusema vizuri ni kipawa cha ulimi, na ulimi mwepesi waweza kumtumikia mkweli na mwongo sawasawa.

Kuna hatari nyingine, iliyo kubwa zaidi kwa kuwa haina mwongo ndani yake. Shahidi aweza kuwa mtu mwaminifu, aape kwa moyo safi, na akosee. Mjini London, mwaka 1896, mtu aitwaye Adolf Beck alishtakiwa kwa kuwalaghai wanawake na kuwaibia vito vyao. Wanawake wengi walikuja mmoja baada ya mwingine, wakamwonyesha kidole, kila mmoja akisema, ndiye huyu. Akafungwa. Alipotoka alishtakiwa tena kwa makosa ya namna ile ile mwaka 1904, na wanawake wengine wakamtambua, akatiwa hatiani mara ya pili. Kabla hajapewa adhabu, mlaghai wa kweli alikamatwa akiendelea na kazi yake. Wanawake wale hawakusema uongo. Walikosea kwa pamoja, na wingi wao haukuyasahihisha makosa yao. Aibu ya kesi hiyo ilisaidia kuundwa kwa Mahakama ya Rufani ya Jinai nchini Uingereza mwaka 1907.

Mahakama zetu zililiona jambo hili pia. Mwaka 1953, katika kesi ya Abdulla bin Wendo, Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki ilionya kwamba ushahidi wa mtu mmoja aliyemtambua mshtakiwa sharti upimwe kwa uangalifu mkubwa, hasa ikiwa hali ya kumtambua ilikuwa ngumu. Mwaka 1967, katika kesi ya Roria, onyo hilo likarudiwa kwa nguvu. Na katika kesi ya Anjononi, iliyochapishwa mwaka 1980, mahakama ilieleza kwamba kumtambua mtu unayemjua tangu zamani ni jambo la kutegemewa zaidi kuliko kumtambua mgeni. Hata hivyo, sote twajua kwamba mtu huweza kumfananisha rafiki yake na mtu mwingine njiani, tena mchana kweupe.

Tazama basi jinsi maonyo haya yalivyoyageuza macho ya mpimaji. Hayamwambii atazame uso wa shahidi. Yamwambia atazame usiku wenyewe. Palikuwa na mwanga gani? Taa ya koroboi, kurunzi, au mbalamwezi? Mwanga ulikuwa upande gani, nyuma ya mshambulizi au usoni pake? Shahidi alikuwa umbali gani, na alimtazama kwa muda gani? Alikuwa amejificha chini ya kitanda kwa hofu? Aliwaambia majirani jina la mtu huyo usiku ule ule, au alilikumbuka baada ya wiki mbili, fununu zilipokwisha kuenea sokoni? Katika milima ya Gusii, ambako migomba huzizunguka nyumba na ukungu hushuka mapema, maswali haya si ya kufurahisha mawakili. Ni tofauti ya kumjua mtu na kukisia.

Sheria ya Ushahidi ya Kenya, iliyoanza kutumika Desemba 1963, yasema pia kwamba hakuna idadi maalumu ya mashahidi inayotakiwa kuthibitisha jambo. Mmoja mwenye neno zito aweza kutosha, na ishirini wenye maneno mepesi wasitoshe. Mashahidi watano wakieleza kisa kwa maneno yale yale, neno kwa neno, mpimaji mwenye busara huingiwa na shaka badala ya kuridhika, maana watu watano waliosimama mahali mbalimbali hawaoni kitu kwa namna moja. Mmoja ataikumbuka rangi ya koti, mwingine kelele za mbwa. Tofauti ndogo ndogo ni za kibinadamu. Inayoua ushahidi ni tofauti katika jambo lenyewe: kwamba asubuhi aliwaambia polisi hakumwona mtu, na mahakamani akasema alimwona waziwazi.

Wazee wa baraza walibaki katika Mahakama Kuu ya Kenya kwa miaka mingi baada ya uhuru. Mwaka 2007 Bunge lilibadili sheria, nao wakaondolewa. Sasa katika Mahakama Kuu, iliyoko Kisii na pia Nyamira, jaji hupima ushahidi peke yake. Siku hizi majaji ni Wakenya, wala hawaambiwi habari za nchi kama wageni. Lakini jaji kutoka pwani au kutoka Ukambani huenda asiijue chinsoni zaidi ya alivyoijua yule Mwingereza. Basi kinga ya mshtakiwa ni nini? Kinga yake kubwa ni kwamba jaji sharti aandike sababu. Hawezi kusema tu, nimemsadiki huyu. Lazima aeleze kwa nini, na maelezo hayo yasomwe na majaji wa rufani. Katika kesi ya Okeno, mwaka 1972, ilielezwa kwamba mahakama ya rufani ya kwanza ni lazima iupime ushahidi wote upya na kufikia uamuzi wake yenyewe, huku ikikumbuka kwamba haikuwaona mashahidi wala kuwasikia wakisema. Katiba ya mwaka 2010 nayo imetambua njia za jadi za kusuluhisha ugomvi, maadamu hazivunji haki za watu wala sheria. Hivyo wazee wa Gusii wangali na kazi katika mambo ya mipaka na ya nyumba, ijapokuwa mauaji si yao tena.

Pengine wasema moyoni: haya ni ya majaji, mimi yanihusu nini? Yakuhusu sana, na nitakuonyesha kwa nini kwa jambo la kuhuzunisha.

Mwezi wa Mei 2008, katika vijiji vya nchi ya Kisii, kundi la watu liliwatoa wazee katika nyumba zao na kuwachoma moto kwa tuhuma za uchawi. Watu 11 walikufa, wanawake 8 na wanaume 3. Mwezi wa Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wazee wanne waliuawa kwa tuhuma kama hizo. Hapakuwa na kizimba wala kiapo. Hapakuwa na mtu wa kuuliza: nani alimwona? Alimwona akifanya nini? Kwa mwanga gani? Huyo asemaye anadaiana na mzee huyu, au analitaka shamba lake? Swali moja tu la namna hiyo, lililoulizwa na kijana mmoja kwa sauti, lingeweza kuufanya umati usimame kidogo. Badala yake kila mtu alimsadiki jirani yake, na jirani akamsadiki mwingine, na mwanzo wa neno haukuonekana. Tuna methali isemayo kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo yafaa kumwonya mtu ajihadhari. Ikifanywa hukumu, huwa ni kuni.

Ewe msomaji, katika kundi kama lile hapakosi vijana waliopita shuleni. Walijua kusoma na kuhesabu. Hawakuwa wamefundishwa kupima neno, au walifundishwa wakasahau. Kila anayesikia tuhuma na kuamua kuisadiki amekwisha kuwa hakimu, apende asipende, na hukumu yake itamfikia mtu mwenye jina na nyumba.

Basi turudi bwenini Keroka, maana kesi yetu haijaisha. Mwite tena mvulana aliyesimama wima, umwulize kwa upole. Taa zilizimwa saa ngapi? Kitanda chake ki wapi, na sanduku li wapi? Aliujuaje uso wa mtu gizani? Kwa nini hakumwamsha mwenye sanduku usiku ule ule? Je, wiki iliyopita hawakugombania nafasi katika timu ya mpira? Kisha mwite yule aliyetazama chini, umpe nafasi ya kusema bila kuzungukwa na umati, kwa lugha iliyo nyepesi kwake. Nenda ulitazame sanduku lenyewe kama limevunjwa au limefunguliwa kwa ufunguo. Baada ya hayo huenda ukamwona mwizi ni yule yule uliyemdhania, nawe utakuwa na sababu za kumwambia mwalimu. Huenda ukamwona ni mwingine. Na huenda usipate kujua kabisa. Hilo la mwisho likitokea, usione aibu kusema kwamba hujui, wala usimwite mtu mwizi. Mahakama zenye hekima husema hivyo kila mwaka, nazo humwachilia mtu kwa sababu hiyo, kwa kuwa fedha ya nauli yaweza kuchangwa tena, lakini jina la mtoto likivunjwa ni vigumu sana kulijenga upya.